JE, CHOMBO CHAKO CHA KUHIFADHIA NAFAKA CHASTAHILI HATAZA?

Wakulima wa Embu na Meru huvuna mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya mvua za vuli. Mahindi, maharagwe, kunde na pojo hutoka shambani yakiwa mazuri, na mwenye mali hushukuru. Lakini miezi mitatu baadaye afunguapo gunia, mara nyingi hukuta matundu na vumbi tu. Fukusi wamekula kabla ya watoto wake.

Kwa sababu ya hasara hii watu wengi wenye akili ya kazi hujaribu kuunda vyombo vipya vya kuwekea nafaka. Mmoja hutengeneza pipa, mwingine sanduku, mwingine mfuko. Na afanikiwapo, jirani zake humwambia: “Nenda ukachukue hataza, usije ukaibiwa.” Shauri hilo ni jema, lakini si kila chombo kizuri hustahili hataza. Yafaa basi kila fundi ajue jinsi jambo hili linavyopimwa, asije akapoteza fedha zake bure, au akapoteza haki yake kwa kutojua.

FUNDI WETU WA MFANO

Tuseme kwamba katika mtaa wa Dallas, ulio katika mji wa Embu (wala si ule mji mkubwa wa Marekani), yuko fundi wa bati aliyeunda pipa la kuwekea maharagwe. Fundi huyu ni wa mfano tu, nasi tutamtumia ili maneno yetu yaeleweke.

Pipa lake ni la bati, nalo limetiwa lehemu kila mahali lisipitishe hewa. Baada ya kulijaza, fundi huweka mshumaa unaowaka juu ya maharagwe, kisha hufunga mfuniko. Mshumaa huwaka, ukipunguza ile sehemu ya hewa iwezayo kuwasha moto, halafu huzimika. Chini ya pipa upo mdomo wa kutolea maharagwe. Katika mdomo huo amejenga chumba kidogo cha kipimo cha gorogoro moja, chenye milango miwili ya kuteleza, mmoja juu na mmoja chini. Milango hiyo imeunganishwa kwa fimbo, hata mmoja hauwezi kufunguliwa ila mwingine umefungwa kwanza. Kwa njia hii mama wa nyumbani huchukua gorogoro moja kila siku bila kufungua pipa zima. Tena, kwa kuwa punje zilikuwa zikibanwa ukingoni mwa mlango wa juu na kuuzuia usifunge sawasawa, fundi ameweka kibamba cha mteremko juu ya ukingo huo, ili punje ziteremke katikati na kuuacha ukingo mtupu.

Fundi hujisifu sana kwa mambo mawili: pipa lisilopitisha hewa, na mshumaa. Kile kibamba hakitaji, maana akiona ni kitu kidogo. Msomaji akumbuke neno hili, kwani tutalirudia.

HATAZA NI NINI?

Hataza ni hati ambayo Serikali humpa mvumbuzi, ikimpa haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake kwa biashara bila ruhusa yake. Katika Kenya haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipopokelewa, mradi ada za kila mwaka zilipwe. Lakini hakuna kupewa bila kutoa. Mvumbuzi naye sharti aeleze uvumbuzi wake wazi kabisa, hata fundi mwingine akisoma maelezo aweze kuutengeneza. Muda ukiisha, ujuzi huo huwa mali ya watu wote.

Zamani mwenye uvumbuzi hapa Kenya hakuweza kupata hataza hapa hapa. Ilimpasa kwanza apate hataza ya Uingereza, kisha aiandikishe Nairobi. Mambo yaliendelea hivyo hata baada ya uhuru, mpaka Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989 ilipoanza kutumika mwaka 1990. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2001, iliyounda taasisi ijulikanayo kwa herufi zake kama KIPI, na ofisi yake ikawekwa Nairobi, katika mtaa wa South C.

Mchunguzi wa hataza haulizi kwanza kama chombo kina faida. Huuliza maswali matatu: Je, ni kipya? Je, kina hatua ya uvumbuzi? Je, chaweza kutengenezwa au kutumiwa katika kazi yoyote, ikiwamo kilimo? Chombo kikishindwa katika swali moja tu, hakipati hataza.

SWALI LA KWANZA: JE, NI KIPYA?

Wengi hujikwaa hapa. Fundi husema, “Sijaliona pipa kama hili mahali popote Embu.” Lakini sheria ya Kenya haitazami Embu peke yake. Hutazama dunia nzima. Jambo lolote lililokwisha kutangazwa mahali popote, kwa maandishi, kwa picha, kwa maneno ya mdomo, kwa kutumiwa au kwa kuonyeshwa hadharani, ni la kale machoni pa sheria, hata kama fundi wetu hajapata kulisikia.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1810 Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, alipewa na Serikali yake zawadi ya faranga 12,000 kwa kugundua namna ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Sharti la zawadi lilikuwa autangaze ujuzi wake kwa watu wote, naye akaandika kitabu. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Agosti, Peter Durand alipata hataza huko Uingereza kwa njia ya namna hiyo, akitaja pia vyombo vya bati, naye mwenyewe alikiri kwamba habari hiyo aliipata kwa mtu wa nchi ya nje. Sheria ya Kiingereza ya siku zile ilimhesabu kama mvumbuzi hata yeye aliyeleta ujuzi mpya nchini kutoka ng’ambo. Leo mlango huo umefungwa. Mtu aliyeona chombo kizuri katika nchi nyingine hawezi kukileta Embu na kukidai kuwa chake.

Basi tulipime pipa letu. Kuhifadhi nafaka pasipo hewa ni jambo la kale mno. Watu wa Afrika na wa nchi zilizozunguka Bahari ya Mediterania walizika nafaka katika mashimo yaliyozibwa tangu zamani sana. Hapa Kenya, katika miaka ya 1960, maghala makubwa ya saruji yasiyopitisha hewa yalijengwa Kitale na Nakuru. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Bwana Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alifanya kazi pamoja na wenziwe huko Cameroon juu ya kunde, wakaunda mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusokotwa nje. Wadudu waliomo hutumia hewa mpaka iishe nguvu, wakaacha kula, wakafa. Mifuko hiyo huuzwa Kenya kwa jina la PICS.

Na pipa la bati? Hilo nalo lina wenyewe. Katika Amerika ya Kati, hasa Honduras, mapipa ya bati ya kuwekea mahindi yalienezwa vijijini tangu miaka ya 1980. Tangu mwaka 2008 hivi, shirika la utafiti wa mahindi na ngano liitwalo CIMMYT liliyaleta kwa wakulima wa Kenya, na mafundi wakafundishwa kuyaunda. Mapipa hayo yana mdomo wa kujazia juu, na mdomo wa kutolea chini. Tena watumiaji wake hufundishwa kuweka mshumaa unaowaka juu ya nafaka kabla ya kufunga!

Kwa hiyo yale mambo mawili ambayo fundi wetu alijisifia yameanguka yote. Hakuyaiba kwa mtu, aliyafikiri mwenyewe kwa akili yake. Lakini sheria haiulizi kama aliiga. Huuliza tu kama jambo lilikuwa limekwisha kujulikana.

Hata hivyo asikate tamaa. Bado kuna chumba cha milango miwili, fimbo, na kibamba.

SWALI LA PILI: JE, INA HATUA YA UVUMBUZI?

Jambo laweza kuwa jipya na bado lisistahili hataza, kwa sababu fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angeweza kulifikia bila taabu. Mtu akifanya pipa liwe jekundu badala ya jeupe, au liwe la madebe kumi badala ya matano, au akitia mikono miwili ya kubebea, huenda hakuna aliyewahi kufanya vivyo hivyo hasa. Lakini hapo hakuna hatua ya uvumbuzi.

Tuchukue chumba cha milango miwili. Katika viwanda, vyumba vya namna hii hutumiwa ili kitu kipite bila hewa kupita nacho, na milango iliyofungamanishwa ili mmoja uzuie mwingine ni jambo linalojulikana katika mitambo. Mchunguzi aweza kusema: “Fundi mwenye ujuzi, akitaka kutoa nafaka bila kuingiza hewa, angechukua njia hii inayojulikana na kuitia katika pipa linalojulikana.” Jibu hilo ni zito.

Sasa tutazame kibamba cha mteremko. Fundi aliona taabu ambayo watu waliokaa ofisini wasingeiona, kwamba punje moja tu ya maharagwe, ikibanwa mlangoni, huharibu kazi yote ya pipa, kwa maana hewa huingia kidogo kidogo usiku na mchana. Akajaribu mpira, ukakatika. Akajaribu mlango mzito, ukavunja punje na bado haukufunga. Hatimaye akapata umbo la kibamba ambalo huondoa punje ukingoni kabla mlango haujafika. Kama hakuna aliyepata kulitatua jambo hili kwa njia hiyo, na kama njia yenyewe si ile ambayo kila fundi angeiendea mara moja, basi hapo huenda pana hatua ya uvumbuzi.

Tazama basi ajabu hii: lile jambo dogo ambalo fundi hakulitaja ndilo pengine lenye haki, na yale makubwa aliyoyatangaza hayana. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika vyombo. Bwana Earl Tupper wa Marekani, ambaye vyombo vyake vya plastiki vilienea dunia nzima, alipata hataza mwaka 1949. Jambo alilolindiwa humo halikuwa bakuli la plastiki. Lilikuwa mdomo wa chombo na namna mfuniko wake unavyoshikamana nao. Kwa hiyo fundi asiulize, “Je, chombo changu ni kizuri?” Na aulize, “Ni sehemu gani ya chombo changu ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo kabla yangu, nayo yafanya kazi gani?”

SWALI LA TATU: JE, CHAWEZA KUTENGENEZWA NA KUTUMIWA?

Swali hili ni jepesi kwa fundi wetu. Pipa lake laweza kutengenezwa katika karakana na kutumiwa nyumbani kwa mkulima. Lakini wazo tupu halipokewi. Asemaye, “Nimevumbua ghala ambalo halitaingia mdudu kamwe,” asiweze kueleza linavyojengwa, hana cha kuandikisha.

Tena ni lazima kuonya hapa juu ya jambo linalohusu uhai. Hataza si cheti cha ubora wala cha usalama. Chombo kisichopitisha hewa huua wadudu, lakini hakikaushi nafaka. Mahindi yakifungwa yakiwa na unyevu, huweza kuota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, nao 125 wakafa. Kwa hiyo mwenye pipa, awe na hataza au asiwe nayo, sharti amfundishe mnunuzi kukausha nafaka kwanza.

KAMA HATAZA IKIKATALIWA

Mchunguzi akisema kwamba pipa ni jipya lakini hatua yake ya uvumbuzi ni ndogo, safari haijaisha. Sheria ya Kenya ina cheti kingine, kwa ajili ya vyombo na zana ambazo umbo lake au mpangilio wa sehemu zake umeleta matumizi bora zaidi, au faida ambayo haikupatikana Kenya hapo awali. Cheti hicho hakidai hatua ya uvumbuzi. Muda wake ni miaka 10, wala hakuna kuuongeza. Kwa mafundi wengi wa jua kali, hii ndiyo njia inayowafaa, na kwa pipa letu yaonekana kuwa njia yenye matumaini zaidi.

Tena upo usajili wa umbo la nje, yaani sura na mapambo ya kitu. Huo hudumu miaka 5, nao waweza kuongezwa mara mbili hata kufika miaka 15. Lakini hulinda sura tu. Mtu mwingine akitumia kibamba kile kile katika pipa lenye sura nyingine, usajili wa umbo hautamzuia.

USITANGAZE KABLA YA KUOMBA

Yuko Mmarekani aliyeitwa John Landis Mason, ambaye chupa zake za kuhifadhia matunda zajulikana mpaka leo. Tarehe 30 Novemba 1858 alipata hataza kwa ajili ya shingo ya chupa yenye mizingo ya kufungia mfuniko kwa kuzungusha. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Juni, aliunda chupa zilizofungika vizuri zaidi, akatengeneza dazeni mbili au zaidi, akawapa watu baadhi na nyingine akaziuza. Kisha akanyamaza. Hakupeleka ombi la hataza kwa chupa hizo mpaka mwaka 1868, wakati wengine walikuwa wamekwisha kuzitengeneza kwa wingi. Hataza alipewa mwaka 1870, lakini shauri lilipofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1876, majaji walisema hataza hiyo haina nguvu. Sheria yao ya wakati ule iliruhusu miaka miwili tu tangu kitu kuuzwa hadharani. Dazeni mbili za chupa zilitosha kuiondoa haki yake.

Fundi wa Dallas ajifunze kwa Bwana Mason. Akilipeleka pipa lake katika Maonyesho ya Kilimo ya Meru, au akiliweka sokoni Embu, au akitia picha zake katika simu ili watu wote waone, amekwisha kulitangaza. Sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyetangaza jambo lake mwenyewe, mradi alete ombi kabla ya miezi 12 kupita. Lakini nchi nyingi, zikiwamo zile za Ulaya, hazina msamaha wa namna hiyo. Njia iliyo salama ni moja: omba kwanza, onyesha baadaye. Kama ni lazima kumwonyesha mtu, kwa mfano mwenye kiwanda atakayekukopesha fedha, mwandikiane kwanza mkataba wa kutunza siri.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, tafuta. Kabla ya kulipa ada yoyote, tazama hataza za dunia zilizokusanywa katika vituo vya intaneti kama vile Espacenet na PATENTSCOPE, ambavyo hutazamwa bila malipo. Hataza zimepangwa kwa alama: vyombo vya kuwekea na kusafirishia vitu viko chini ya alama B65D, na njia za kuhifadhi mazao ya shamba chini ya A01F. Asiyejua mambo hayo awaulize watu wa KIPI.

Pili, andika. Ombi huwa na maelezo, michoro, muhtasari na madai. Madai ndiyo mpaka wa shamba lako, na yaliyo nje ya mpaka si yako. Fundi akiandika, “Nadai pipa la bati lisilopitisha hewa,” atakataliwa mara moja. Lakini aweza kuandika hivi: “Chombo cha kuhifadhia nafaka kisichopitisha hewa, chenye mdomo wa kutolea chini, ambamo mna chumba cha kipimo kimoja chenye milango miwili iliyofungamanishwa, na juu ya ukingo wa mlango wa juu pana kibamba cha mteremko kinachozuia punje zisilale ukingoni.” Dai hili ni jembamba, lakini laweza kusimama.

Tatu, fikiri juu ya mipaka ya nchi. Hataza ya Kenya hailindi kitu nje ya Kenya. Atakaye kuuza pia Uganda au Tanzania aweza kupeleka ombi moja kwa ARIPO, shirika la nchi za Afrika lililoko Harare, kwa mapatano ya mwaka 1982. Tena aliyeomba Kenya ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine akihesabiwa tarehe yake ya kwanza.

Nne, hesabu faida. Serikali haitazunguka masokoni kumtafutia mwenye hataza watu wanaomwiga. Yeye mwenyewe atapaswa kuwashtaki. Kama pipa halitauzwa zaidi ya kata moja, pengine kazi safi na jina jema vitamlinda kuliko hati.

Basi, wewe uliye na chombo chako karakanani, ukae nacho usiku mmoja kabla ya kumwonyesha mtu. Kivue sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu uiulize: “Wewe ulijulikana kabla yangu?” Ile itakayobaki bila kujibu, hata ikiwa kibamba kidogo cha bati, ndiyo uipeleke Nairobi.